Siku Akina Mama wa Gasenyi Waliposhuka

Zuhura mwanangu,

Leo wakati wa kula ulisema neno, na mimi nikaondoa sahani mbele yako kana kwamba sikulisikia. Nililisikia. Baba yako alikuwa amekuuliza kwa utani kama ukishamaliza udaktari huko Dar es Salaam utakuja kumtibu mgongo wake bila malipo. Hukucheka. Ulisema, "Baba, mi nitasoma, lakini huku sirudi. Watu wa huku hawabadiliki. Mama Spesi alichanja watoto wao, wakamuua. Nirudi kumutibu nani?" Baba yako akatazama mikono yake. Mimi nikaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sasa umelala, na begi lako liko mlangoni. Mambo ya nguo, ya chakula, ya kukaa vizuri kwa shangazi yako, nimekuambia mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Hayo nayaacha. Nataka kulijibu lile neno, na siwezi kulijibu kwa mdomo, kwa sababu nikianza habari za Spesi sauti yangu hunikimbia. Ndiyo maana hujawahi kuzisikia zote.

Kwanza ujue kwamba maneno yako niliwahi kuyasema mimi. Hayohayo. Kwa hiyo usisome barua hii kama ya mtu anayekemea mtoto.

Watu wazima wa mtaa huu bado wananiita Mama Hamisi. Ulipokuwa mdogo uliniuliza Hamisi ni nani, nikakuambia ni kaka yako mkubwa, amelala. Siku hiyo nzima ulikuwa unainua mashuka ya vitanda ukimtafuta. Sikukuambia tena uongo juu yake, lakini ukweli wote pia sikukuambia.

Hamisi alikufa kwa surua, hapa mtaani kwetu Buyenzi, katika chumba cha nyuma cha kituo cha afya. Walikuwa wakifunga pazia zito dirishani kwa sababu mwanga uliwaumiza watoto macho. Mle ndani kulikuwa giza mchana kutwa. Akina mama tulikaa chini, kila mmoja na wake, tukisikiliza watoto wakipumua. Mmoja akinyamaza, kila mama aliinama kwanza kumwangalia wa kwake. Siku ile nilipoinama, alikuwa wa kwangu.

Bibi yako ndiye aliyekuja kunichukua. Hakulia. Alikuwa amezika watoto wengi kuliko aliowalea, na sisi tuliobaki alitubeba utotoni kama mtu anayebeba kitu cha kuazima. Hakujiruhusu kutuzoea mpaka surua itupitie. Aliingia, akaniomba mtoto, na tulipofika nyumbani akaanza kukata sanda. Hakupima. Mkono wake ulijua kitambaa cha mtu mdogo kiasi kile kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Zuhura, kinachonirudia usingizini ni mkasi ule, ulivyokwenda bila kusita.

Chanjo ya surua ilifika kituoni kwetu baadaye. Hamisi alizaliwa mapema kidogo, basi. Nilikuwa nimeanza kazi palepale, kufagia na kuchemsha maji, kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Spesi alikuwa nesi kijana, Mkatoliki wa mtaa wa Bwiza, msalaba mdogo shingoni, na alikuwa mle chumbani siku Hamisi alipokufa. Aliniona ninavyosimama mlangoni kila siku ya chanjo na ufagio mkononi. Siku moja akanipa bomba la sindano na chungwa. Akasema, "Choma hili mpaka mukono uache kutetemeka. Halafu nitakupa mutoto." Nilichoma machungwa mpaka baba yako akakataa kuyala.

Mtoto wa kwanza niliyemchanja alilia, nami nikalia kuliko yeye, mama yake akaogopa akidhani nimekosea.

Wewe nilikuchanja mwenyewe. Bibi yako alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika pochi yake. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa huyu surua haimushiki?" Nikamwambia, haimshiki, mama. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, kana kwamba anaogopa kusikiwa. Nikamjibu vilevile. Akanyoosha mikono, akakuchukua, na njiani kurudi alikuimbia. Sikuwahi kumsikia akimwimbia mtoto mchanga, hata wa kwangu wa kwanza. Nilitembea nyuma yenu nikimwangalia mama yangu, mwanamke mzee, akijifunza kumpenda mtoto bila kungoja. Kama ungeniuliza siku ile watu wanabadilika au hawabadiliki, ningecheka swali.

Kisha nikafanya kosa ambalo nataka ulijue, maana wewe una akili nyingi na watu wenye akili hulifanya zaidi. Nilidhani jambo jema likishafika limefika. Mwaka ule wa uchaguzi tulipiga kura mwezi wa sita, tukapanga mistari mirefu bila kugombana, watu wakatabasamu na wino vidoleni. Nikamwambia Spesi, "Sasa yamekwisha." Akanijibu, "We Mama Hamisi, unasema kama mutu aliyemaliza kufua." Mwezi wa kumi rais tuliyemchagua akauawa, na yaliyofuata umeyakulia ndani yake. Mi sikuhitaji miaka mingi kuona jinsi kila kitu kinavyoweza kurudi nyuma. Asubuhi moja tu ilitosha: barabara yetu imejaa watu wenye magodoro kichwani, na gereji zote zimefungwa, hata sauti ya nyundo hakuna.

Buyenzi yetu ilijitahidi. Kulikuwa na nyumba hapa zilizoficha watu wa makabila yote mawili ukuta kwa ukuta, wengine wakilala uani kwetu, nawe ukidhani ni wageni wa sikukuu. Lakini usidhani sisi tulikuwa malaika. Kazini nilianza kuwaangalia akina mama wakiingia, uso, pua, urefu, nikijiuliza huyu ni wa upande gani. Nilimtazama mama kabla ya mtoto. Spesi aliliona. Hakunisema mbele ya watu. Tulipokuwa tunafunga alisema tu, "Sura ya mama haina kazi hapa. Angalia kadi, angalia mutoto." Niliona aibu, nikaacha kufanya kwa macho. Moyoni ilichukua muda.

Hukuwahi kuniuliza Spesi alikuwa kabila gani. Sitakuambia.

Sasa nifike Gasenyi.

Ulikuwa bado shule ya msingi. Kule Gasenyi, juu kabisa kaskazini mwa mji, walikuwa wamerundikana watu waliokimbia vita vilimani, chini ya vipande vya plastiki na mabati yaliyotobolewa na risasi. Vituo vya afya vya karibu vilikuwa vimechomwa au havina mtu. Wakubwa wakaongea na wanajeshi na waasi, ikasemwa siku fulani wenye chanjo wapite, wasiguswe. Mimi na Spesi ndio tuliopangwa. Tulitayarisha sanduku la barafu pamoja tangu jana yake.

Asubuhi hiyo uliamka na homa. Malaria ilikushika vibaya, unatetemeka, unaongea maneno yasiyoeleweka. Nilikuja kituoni nimekubeba mgongoni, mtu mrefu kama wewe, nikamwambia Spesi, "Ngoja nimuache kwa baba yake, twende." Akaweka kiganja kwenye paji lako. Akasema, "Apana. Kaa na mutoto. Chanjo ni ya watoto, na huyu ni mutoto." Nikamwambia hawezi kwenda peke yake. Akacheka. "Peke yangu wapi? Kule kuna watu elfu." Akaning'iniza lile sanduku begani, dereva akawasha gari, wakaondoka.

Sikukuambia habari hii kwa sababu niliogopa utaibeba. Sasa nakuambia na nakuomba usiibebe. Homa ya mtoto si kosa la mtoto. Spesi hakufa kwa sababu yako. Alikaa dakika moja nzima akikuangalia kisha akachagua, na alichagua kama alivyochagua kila siku tangu nimjue. Nakuambia kwa sababu unasema watu ni wale waliompiga risasi. Mimi nataka ujue kwamba mtu ni pia yule aliyeweka kiganja kwenye paji lako asubuhi hiyo.

Walikuwa wanarudi jioni, gari lilipopigwa risasi. Dereva alinusurika, akafika mtaa wa Kamenge akitambaa. Spesi hakunusurika. Wengine walisema ni wanajeshi, wengine wakasema ni waasi. Niliuliza kwa muda mrefu, nikaacha. Dereva alipoweza kuongea aliniambia kwamba njiani Spesi alikuwa anapiga miayo na kulalamika miguu inamuuma. Sanduku la barafu waliliokota kando ya barabara, likaletwa kituoni. Nililifungua mimi. Nilitarajia kukuta chanjo zimeharibika kwa joto. Lilikuwa tupu. Alikuwa amemaliza zote.

Hapo ndipo nilipoyasema maneno yako. Niliyasema kwa mkubwa wa kituo, nimesimama, mbele ya wafanyakazi wote. Nilisema watu hawa hawabadiliki, nikasema siwezi kumchoma mtoto sindano leo ili akue aje kushika bunduki. Nilivua koti jeupe nikaliacha juu ya meza. Nilikaa nyumbani. Nilikaanga sambusa, wewe ukaziuza mlangoni, na usiku ukiniuliza kwa nini Mama Spesi haji kutusalimia nilikuambia amesafiri. Unaona, bado nilikuwa nadanganya.

Alikuwa anakuja, lakini. Sijui kama utaniamini, wewe ambaye umesoma bayolojia. Nikiwa nakanda unga nilisikia viatu vyake, vile vya soli ngumu, vinapita dirishani kuelekea kazini, saa ileile. Sikutoka kuangalia. Nilijua nikitoka nitaona barabara tupu, na nilipenda kusikia kuliko kuona.

Mvua zilipoanza surua ikaingia kambini kule Gasenyi. Ilipita kwenye yale mahema ya plastiki kama inavyopitaga, kutoka kwa mtoto hadi mtoto. Redio haikusema sana, ilikuwa na vifo vingine vya kusema. Nami nilikataa kusikiliza.

Siku moja asubuhi baba yako akaja mbio kutoka gereji, spana bado mkononi. Akasimama mlangoni.

"Mama Hamisi, vaa. Kuna watu kituoni."

"Watu gani?"

"Akina mama. Wamejaza barabara. Wanakutaka we."

Nikamwambia waambiwe sipo. Hakuondoka mlangoni, unamjua baba yako asivyokuwa mtu wa maneno. Kisha akasema, "Wametoka Gasenyi kwa miguu. Na watoto. Mi siwezi kuwaambia haupo. Kawaambie mwenyewe."

Nilikwenda nikiwa na unga mikononi, nimejifunga kanga ya jikoni. Nilipokata kona nikawaona. Walikuwa wamekaa ukutani na kwenye mtaro, pande zote mbili za barabara, kila mmoja na mtoto mgongoni au pajani, miguu yao imejaa tope hadi magotini. Mafundi wa gereji walikuwa wamezima mashine. Wake zao walikuwa wanapitisha maji kwa vikombe. Hakuna aliyepiga kelele. Watoto tu.

Mwanamke mmoja mrefu akasimama. Alikuwa na kichanga kifuani na msichana mdogo amemshika sketi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"We ndiye wa sindano?"

"Mwenye sindano alikufa," nikamwambia.

"Tunajua. Alifia kwetu. We ndiye mwenzake?"

Akamvuta yule msichana mbele, akamgeuza, akapandisha mkono wa gauni lake kunionyesha mahali sindano ilipoingia, ingawa hapakuwa na kitu cha kuonekana tena.

"Huyu alichomwa siku ile. Agasama ilikuja," akasema, akiita surua kwa Kirundi. "Ilichukua wa jirani upande huu. Ilichukua wa jirani upande huu. Huyu haikumugusa. Tukaangalia wengine. Wote aliowachoma yule mama, haikuwagusa. Tuliangalia vizuri." Akakiinua kile kichanga. "Huyu siku ile alikuwa bado tumboni. Tumekuja kwa mwenzake."

Zuhura, nimesoma nawe masomo yako jioni nyingi, najua wanavyokufundisha kwamba elimu ni kuangalia, kulinganisha, na kutafuta sababu. Wale wanawake hawakuwa na kalamu. Walilala kwenye matope, walizika, na katikati ya kuzika waliangalia nani anakufa na nani hafi, wakaambiana, wakaelewa, wakafunga watoto mgongoni na kushuka. Walipita kwenye vizuizi. Wanajeshi waliwauliza wanaenda wapi na wao wakajibu ukweli, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa wa ajabu kuliko uongo wowote. Bibi yako alikaa miaka yake yote akiona surua ni kitu kinachokuja kama mvua. Hawa walijua ni kitu cha kuzuiwa. Kati ya bibi yako na wao hakuna umbali mrefu wa miaka.

Nikageuka nikaangalia ule upande wa pili wa barabara. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wamekaa pande mbili. Yule mwanamke alinieleza: walipokuwa wanashuka walipita karibu na mtaa wa watu wanaowaogopa, na wenyeji wa mtaa huo wakatoka milangoni na mawe mkononi. Wakaona watoto. Mmoja akauliza kwa mbali wanaenda wapi. Akajibiwa. Akaingia ndani, akatoka na mtoto wake mgongoni, akafuata nyuma. Wengine wakafuata huyo. Walitembea njia nzima wameacha nafasi katikati, bila kusalimiana, mpaka Buyenzi.

Sitakudanganya kwamba walikumbatiana. Walikaa mkabala wakitazamana kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza. Kila upande ulikuwa na watu wake waliouawa na ule mwingine, na wote walijua. Niliingia ndani, nikanawa unga, nikakuta koti langu limetundikwa msumarini. Mkubwa wa kituo alinipa ufunguo wa frigo, jokofu la chanjo.

Nilipotoka, swali la kwanza likawa nianze upande upi. Hilo nalo lingeweza kuleta damu. Nilichukua mtoto mmoja upande huu na mmoja upande ule, huu na ule, mpaka mwisho. Tulipofika katikati, mtoto wa upande mmoja alilia mpaka akatapika, na mama wa upande wa pili akatupa kitambaa chake kuvuka barabara bila kumwangalia anayemtupia. Kikaokotwa. Hakikurudishwa, wala hakikudaiwa. Hayo ndiyo yote niliyoyaona, mwanangu, na nimekuwa nikiyatazama akilini tangu siku ile kuona kama ni mengi au machache. Bado sijui. Siku nyingine naona ni machache mno. Lakini siku ile hakuna aliyeuawa kwenye barabara hiyo, na walikuwepo waliokuja na mawe.

Yule mwanamke mrefu aliitwa Mama Deziri. Aliniambia wakati namchanja mwanawe. Akaniuliza jina langu, nikamwambia Mama Hamisi, akauliza Hamisi ana miaka mingapi. Nikamwambia surua ilimchukua. Akanishika mkono wenye sindano, akaushika kidogo, kisha akauacha ili niendelee na kazi.

Nilimwambia amrudishe mtoto kwa chanjo nyingine mwezi unaofuata. Mwezi uliofuata mtoto aliletwa na mwanamke mzee. Nikauliza, mama yake yuko wapi? Yule mzee akafanya hivi na mkono, kama mtu anayefukuza nzi, na akanipa kadi. Sikuuliza tena. Mama Deziri naye nimemsikia akipita dirishani, pamoja na Spesi, siku nilizokuwa na homa. Wanatembea taratibu, kana kwamba bado ana mtoto mgongoni.

Nilirudi kazini baada ya siku ile, hilo unalijua. Usichokijua ni kwamba sikurudi kwa sababu nilipata tumaini. Watu wanadhani mtu hupata tumaini kwanza, ndipo anafanya kazi. Mimi nilirudi kwa sababu foleni ilikuwa pale. Tumaini lilikuja nyuma, limechelewa, na mpaka leo huwa linaondoka siku nzima nzima bila kuaga.

Vita viliendelea. Mwaka ule makombora yalipoangukia mji, tulilala chini ya kitanda wewe na mimi na baba yako, ukaniuma kiganja kwa hofu. Alama iko bado. Lakini katika miaka hiyohiyo, huku watu wakiuana, kile chumba cha nyuma kilikuwa kinapungua watoto. Kwanza walikuwa wengi, kisha wachache, kisha ikawa msimu mzima hatuoni hata mmoja. Siku moja mkubwa wa kituo akatoa lile pazia zito akalifanya matambara, akafungua dirisha, akaweka mzani wa kupimia wajawazito. Manesi wapya wanaingia mle wakicheka. Hawajui, na sitaki wajue. Mimi bado nabisha hodi kabla ya kuingia.

Nikuulize, Zuhura. Nani alifanya hilo? Yule aliyebuni dawa hiyo, mtu wa mbali ambaye hakuijua Buyenzi. Aliyejaza mafuta ya taa kwenye frigo umeme ulipokatika wiki nzima. Dereva aliyepona akarudi kuendesha. Mama Deziri, aliyeangalia vizuri. Hao wote ni watu. Wale wenye bunduki nao ni watu, silikatai, na nimewaogopa maisha yangu yote. Ila ukisema watu hawabadiliki umewahesabu hao wa pili na kuwasahau wale wa kwanza, ambao wanafanya kazi kimya na kwa kawaida hawaachi mlio.

Wala sikuambii kwamba mbele ni kwepesi. Tumepiga kura tena mwaka huu, na safari hii sikumwambia mtu kwamba yamekwisha. Juu milimani bado kuna wanaopigana. Vijana wengi hapa wanajua kufungua bunduki na kuifunga, na hawajui kazi nyingine. Watu wanarudi kutoka kambi za Tanzania na kukuta mwingine analima shamba lao. Ukimwi umeingia nyumba ambazo risasi hazikuingia. Na kuna watoto niliowachanja mimi, wazima, wenye afya, waliokua wakaua. Ninawajua wawili kwa majina. Nilipoambiwa habari zao nilikaa chini kwenye sakafu ya kituo. Nilijiuliza kama ningejua, ningewachoma? Nimelijibu swali hilo mara nyingi na jibu ni lilelile: ningewachoma. Mtoto wa miezi tisa hajaua mtu. Yanayomfika baadaye ni kazi yetu nyingine, na kazi hiyo tumeifanya vibaya.

Huko unakokwenda watakuuliza wewe ni wa kabila gani, na watataka uwasimulie mauaji. Wasimulie ukitaka, ni kweli yalitokea. Lakini ukikuta mtu amenyamaza kukusikiliza kwa kweli, mwambie pia jinsi bibi yako alivyokuimbia njiani.

Sikuombi urudi. Nimelifikiria sana hili na sikuombi. Nenda usome, ukae mahali utakapopapenda, uolewe na utakayemchagua, ukiona huku pamekushinda usijilaumu. Spesi hakutuma mtu amlipie. Nakuomba jambo moja dogo tu: usiondoke na lile neno ulilolisema mezani. Liache hapa ndani, nitalitunza mimi, nimelizoea. Njiani ni mzigo mbaya, litakula hata masomo yako. Daktari anayeamini kwamba watu hawabadiliki ataangalia uso wa mama kabla ya mtoto. Najua kwa sababu nilikuwa huyo.

Asubuhi tutakusindikiza mimi na baba yako mpaka kwenye basi. Atajifanya ana haraka ya kurudi gereji, usimkasirikie. Mimi sitasema mengi, kwa sababu yote yako humu.

Na kuna habari ambayo bado sijamwambia hata yeye. Kituo kimeombwa kufungua siku ya chanjo kule Gasenyi kila mwezi, barabara inapitika sasa, na wameniuliza nani aende. Vijana wote walinyamaza. Nimesema nitakwenda mimi. Sijakanyaga huko tangu Spesi afe. Hata nikiwa na msiba upande ule huwa natafuta kisingizio. Ni Jumanne ijayo. Wewe utakuwa umeshafika kwa shangazi yako, labda unapanga vitabu. Mimi nitakuwa nimekaa mbele ya gari na sanduku mapajani, tutapita pale walipolipiga gari lao, na sijui nitasikia nini. Nitaogopa njia nzima. Na Mungu akipenda, nitafika.

Mama yako